Msimwambie Apumzike

Neno la mwisho ambalo mgonjwa wa saratani ya mapafu hulisikia anapotoka hospitali, akiwa amebahatika kutoka kwa miguu yake mwenyewe, ni "pumzika". Daktari hulitamka akiwa ameshashika faili linalofuata. Muuguzi hulirudia akimkabidhi mfuko wa dawa. Nyumbani linapokelewa kama amri: kitanda kinasogezwa karibu na dirisha, kiti cha plastiki kinawekwa barazani, wajukuu wanaambiwa wasimsumbue bibi. Hakuna anayeuliza apumzike mpaka lini, kwa kiasi gani, na akishapumzika afanye nini. Ni neno la upendo, sibishi. Lakini kwa mtu aliyebakiwa na pafu moja na nusu ni neno linalomdhoofisha siku hadi siku, na nadhani mfumo wetu wa afya unalipenda kwa sababu ni rahisi kuliko kazi iliyopaswa kufuata.

Naandika haya nikiwa Tangini, Kibaha, kwa Mama Mkubwa, ninakoishi wakati namalizia tasnifu ya shahada ya uzamili katika afya ya jamii. Mama Mkubwa alimeza dawa za TB kwa miezi sita. Kituo kilichomwanzishia hakikuwahi kuona vimelea kwenye makohozi yake. Kiliona doa kwenye picha ya kifua, na kwetu doa kwenye pafu ni TB mpaka lithibitike kuwa kitu kingine. Kikohozi kilipogoma kuondoka ndipo safari za Dar es Salaam zilipoanza, na mwisho wake sehemu ya pafu la kulia ikakatwa, zikafuata dripu nne za kemo. Hajawahi kuvuta sigara hata moja. Amepuliza moto wa kuni na mkaa kwa miaka arobaini, kwanza jikoni kwake, kisha kwenye banda lake la mama lishe.

Alipotoka, karatasi yake ya kuruhusiwa ilikuwa na majina ya dawa, tarehe ya kurudi kliniki, na chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka, neno moja: apumzike. Alilitii. Miezi miwili baadaye hakuweza kutoka chumbani mpaka choo cha uani bila kushika ukuta mara mbili. Mkono wa upande aliopasuliwa haukupanda tena kufikia kamba ya kuanika nguo. Kila mtu alisema ni ugonjwa.

Si ugonjwa peke yake. Mwili uliolazwa huanza kupoteza misuli ndani ya siku chache, na misuli ya mapaja ndiyo hutangulia. Misuli iliyolegea haitumii oksijeni vizuri, kwa hiyo mwendo uleule wa kwenda chooni unadai hewa nyingi kuliko mwezi uliopita. Mtu anahema, anaogopa kuhema, anakaa. Akikaa anazidi kulegea. Anaamini kwamba pafu limeshindwa, kumbe sehemu kubwa ya tatizo iko kwenye mapaja. Na mapaja, tofauti na pafu lililokatwa, yanaweza kurudi.

Hili si wazo langu. Mwaka 2019 mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, ulichapisha mapitio ya majaribio manane yenye watu 450 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya mapafu. Waliopewa mazoezi walitembea mbali zaidi, mapaja yao yakawa na nguvu zaidi, na kuishiwa pumzi kukapungua. Mwaka huohuo jopo la kimataifa lililoitishwa na American College of Sports Medicine lilitaja hata dozi kwa watu wenye saratani za aina mbalimbali: angalau dakika 30 za kutembea kwa kasi ya wastani au zoezi linalofanana na hilo, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane hadi kumi na mbili, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli mara mbili kwa wiki. Kiasi hicho kinatosha kupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni. Ni dozi, kama vidonge vilivyo na dozi. Kwa nini vidonge viandikwe kwenye karatasi na mwendo usiandikwe?

Nitahadharishe hapa, maana najua tunavyopenda miujiza. Sisemi mazoezi yanaponya saratani ya mapafu. Juni 2025 yalitoka matokeo ya jaribio lenye wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao Kanada na Australia, ambao nusu yao walisimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka mitatu baada ya matibabu. Wachache zaidi miongoni mwa waliofanya mazoezi walirudiwa na ugonjwa, na wengi zaidi walikuwa hai baada ya miaka minane. Ni habari kubwa. Ila ni ya utumbo mpana, na wiki ile ile nilishatumiwa kwenye kundi la WhatsApp kwamba ukikimbia, saratani nayo itakukimbia. Hapana. Ninachodai kwa ajili ya mapafu ni kidogo, na ndiyo maana kutokitoa ni aibu zaidi: mtu afike chooni bila kushika ukuta, aanike nguo zake, alale usiku.

Usiku ndio mgumu kuliko yote, na hapo tunaingia kwenye nusu ya pili ya kesi yangu.

Kiswahili kina neno pana kwa haya mambo: mawazo. Mtu "ana mawazo". Vitabu vya afya vililirefusha likawa "msongo wa mawazo", likapata bango ukutani. Lakini kwa mgonjwa wetu, programu ya taifa ya kudhibiti msongo wa mawazo ina neno moja tu, nalo ni "jikaze". Likishindikana, kuna la pili: "usiwaze". Ndugu wanasema jikaze, majirani wanasema jikaze, na nimemsikia mhudumu kwenye benchi la kliniki akimwambia hivyo mwanamume mzima aliyekuwa analia kimya kimya. Haya mawili, pumzika na jikaze, tumempa mtu mmoja kwa wakati mmoja: mwili ulegee, moyo ukakamae. Ajabu ni kwamba alihitaji kinyume chake.

Na mawazo yenyewe ni yapi? Nimeyasikia kwa sababu chumba changu kinapakana na chake. Kikohozi cha saa nane usiku: je, imerudi? Tarehe ya picha ya kifua inayokaribia: wataona nini? Nauli: kutoka hapa mpaka Ocean Road ni takribani kilomita 40, kuna kubadilisha magari Mbezi, kuna mwendokasi wa kusimama mpaka Kivukoni, na kuna kurudi. Jirani anayetenga kikombe chake kwa sababu uvumi wa TB haujawahi kufutwa mtaani. Na swali ambalo mgonjwa wa saratani ya matiti haulizwi: "Kwani ulikuwa unavuta?" Swali hilo linaulizwa na watu wa kawaida na linaulizwa na wasomi, na hata kama jibu ni ndiyo, sioni kwa nini mtu aliyevuta sigara iliyouzwa kihalali dukani, kutokana na tumbaku iliyolimwa kihalali Tabora, astahili kuhema peke yake.

Kuishiwa pumzi na hofu vina uhusiano wa karibu kuliko tunavyodhani. Ukiogopa unapumua haraka na juu juu. Ukipumua hivyo hewa inanasa, kifua kinabana, unaogopa zaidi. Mama Mkubwa aliwahi kuamini kwamba anakata roho, akatuita wote, na baada ya nusu saa akawa anakunywa uji. Kilichomsaidia siku nyingine kilikuwa mbinu ambayo fiziotherapia inaifundisha duniani kote: vuta hewa kwa pua, kisha itoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai, na kutoa kuchukue muda mara mbili ya kuvuta. Hakuna aliyemwandikia hilo popote. Mtu anayejua kwamba anaweza kuituliza pumzi yake ataogopa kidogo kutembea. Anayetembea atahema kidogo. Anayehema kidogo atalala. Ndiyo maana nasema mazoezi na utunzaji wa mawazo si programu mbili. Kuvitenganisha, kimoja kwa mtaalamu wa viungo ambaye hayupo na kingine kwa mshauri nasaha ambaye pia hayupo, ni njia nzuri ya kutofanya chochote.

Wapo watakaosema moyo ni suala la kifamilia, hospitali ishughulike na uvimbe. Wasome matokeo ya Boston ya mwaka 2010. Wagonjwa 151 waliokuwa ndiyo kwanza wamegundulika na saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa waligawanywa: wote walipata matibabu ya kawaida, lakini nusu yao walikutanishwa mapema na timu ya tiba shufaa, watu waliowauliza kuhusu maumivu, usingizi, hofu, na nini wanataka kwa siku zilizobaki. Kundi hilo lilikuwa na sonona kidogo, hilo lilitarajiwa. Pia liliishi muda mrefu zaidi: wastani wa kati wa miezi 11.6, dhidi ya 8.9. Karibu miezi mitatu. Zipo dawa za bei ya kutisha zilizoshangiliwa kwa kuongeza muda mfupi kuliko huo.

Na kama Boston ni mbali, Harare si mbali. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza kuwafunza kina bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi, nje ya zahanati, na kuwasaidia kushughulikia tatizo moja baada ya jingine. Kwa Kishona maradhi hayo huitwa kufungisisa, kufikiri kupita kiasi; tungesema tu, mawazo. Jaribio lenye watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba miezi sita baadaye walioketi kwenye benchi walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi na bibi. Tangini haina upungufu wa vyote viwili.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi.

Sisi si taifa lisilojua mazoezi. Mwishoni mwa mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa siku ya watu kutoka nje na kujinyoosha. Zanzibar wana Siku ya Mazoezi Kitaifa kila tarehe 1 Januari. Vikundi vya joging vimejaa kila kata, vina mwenyekiti, mweka hazina, fulana na wimbo. Kila mwaka zinaongezeka mbio za hisani, nyingine kwa ajili ya saratani, fulana ni za pinki au nyeupe, na kwenye jukwaa anapandishwa "shujaa" mmoja kutoa ushuhuda kabla ya muziki kufunguliwa tena.

Tunakimbia kwa niaba ya wagonjwa. Nimeisikia sentensi hiyo kwenye kipaza sauti na sijaweza kuisahau. Kwa niaba! Kana kwamba misuli inaweza kutumwa kama salamu. Asubuhi za Jumamosi vikundi vinapita kuelekea barabara ya Morogoro, wanaimba, wanapiga makofi, na Mama Mkubwa kwenye kiti chake cha plastiki anawapigia makofi nao wanampungia mkono. Hakuna aliyewahi kupunguza mwendo akasema, mama, twende nasi mpaka pale kona. Siwalaumu vijana wale. Hakuna aliyewaambia kwamba inawezekana. Nawalaumu waliosomea, walioandika hotuba ya mgeni rasmi, wanaojua kwamba mwenye saratani anahitaji mwendo kuliko yule mwenye afya anayeukimbia, na bado wakapanga mbio ambazo mgonjwa nafasi yake ni jukwaani, akiwa amekaa.

Hoja ya kwanza nitakayojibiwa ni vifaa. Hatuna mashine za kukimbilia, hatuna wataalamu wa viungo wa kutosha, bajeti ni finyu. Hoja hii inavunjwa na Kampala. Hospitali ya Mulago, watafiti wa Uganda na wenzao walichukua watu waliopona TB lakini wakabaki na mapafu yaliyoharibika, wakawapa programu ya wiki sita, mara mbili kwa wiki: mazoezi ya pamoja na mafunzo ya kuishi na pumzi fupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Ulikuwa utafiti mdogo, usio na kundi la kulinganisha, lakini watu walitembea mbali zaidi na maisha yao yakawa mepesi. Walifanya hivyo katika nchi ambayo bajeti yake ya afya haiwezi kutuonea huruma.

Na mfano wa Mulago unajibu pia hoja ya pili, ile ya kwamba manusura wa saratani ya mapafu ni wachache mno Tanzania kuanzishiwa programu. Ni wachache kwa sababu tunawagundua wakiwa wamechelewa, na kwa sababu wengine wanakufa na faili la TB. Lakini darasa si lazima liwe lao peke yao. Mapafu yaliyokatwa kwa saratani, yaliyochakazwa na TB, yaliyobanwa na moshi wa miaka arobaini, yote yanafundishwa kupumua na kutembea kwa namna zinazokaribiana sana. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Kila mwaka maelfu wanamaliza dozi, wanaambiwa wamepona, wanarudi nyumbani wakihema. Wakusanyeni wote pamoja. Mama Mkubwa hatauliza jirani yake wa kwenye mstari alikuwa na nini.

Vifaa vyenyewe ni hivi. Njia tambarare ya mita 30 na saa, ili kupima mtu anatembea umbali gani kwa dakika sita. Kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, ongezeko la mita 22 hadi 42 tu linahesabika kuwa badiliko la maana maishani. Kiti imara cha kukaa na kusimama, mara kumi, kupumzika, mara kumi tena. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, ambayo ni kilo moja na nusu kila mkono. Ukuta wa kutambazia vidole mpaka bega lifunguke. Na kipimo cha kasi kisichohitaji mashine yoyote: aweze kuzungumza anapotembea, asiweze kuimba. Akiweza kuimba, aongeze mwendo. Akishindwa kuzungumza, apunguze.

Hatari zipo na sizifichi. Anayekohoa damu, mwenye homa, mwenye maumivu mapya ya mfupa ambayo huenda ni ugonjwa uliosambaa, mwenye maumivu ya kifua, mwenye damu iliyopungua sana baada ya kemo, hao waonwe na daktari kwanza. Lakini orodha hiyo inajaa nusu ukurasa, na mhudumu wa zahanati anaweza kuifundishwa asubuhi moja. Haiwezi kuwa sababu ya kumkalisha kila mtu.

Mama Mkubwa alianza mwezi Machi, baada ya daktari mmoja kukubali kutusikiliza na kumpima. Wiki ya kwanza tulifika kwenye mwembe na kurudi, tukikaa mara tatu. Dada zangu, yaani watoto wake, walinikasirikia. Mmoja alisema namfanyia mama majaribio ya chuo. Wiki ya nne tulifika dukani. Wiki ya tisa alikwenda peke yake, akarudi na vitunguu, akakaa barazani akihema kwa midomo iliyobanwa, na alipoona namtazama akasema, "Mwanangu, sifi, napoza chai."

Yeye ana mpwa anayesoma afya ya jamii. Aliyeko Mlandizi hana, aliyeko kijiji cha ndani Kisarawe hana. Hapo ndipo bahati inapaswa kugeuka kuwa huduma, na Kibaha, kuliko mahali pengi, haina kisingizio. Mradi wa nchi za Nordiki ulioanzishwa hapa mwaka 1963, ambao baadaye ukawa Shirika la Elimu Kibaha, ulijengwa kupigana na ujinga, maradhi na umaskini kwa pamoja, si kila kimoja na ofisi yake. Hospitali ya Tumbi ilichipuka humo kama kituo cha afya. Mwaka 1973 nchi hii iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, na walipotoka kwenye vikundi walichimba vyoo. Hakuna aliyesema hatuna mashine za kuchimbia. Na Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Watapita nyumba kwa nyumba. Watafundishwa kuuliza kuhusu homa, ujauzito, chandarua. Waongezewe maswali mawili: leo umetembea mpaka wapi, na usiku umelala?

Karatasi ya kuruhusiwa ibadilishwe kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu hiyo haigharimu hata shilingi. Mahali palipoandikwa "apumzike" paandikwe umbali, mara ngapi kwa wiki, dalili za kusimamisha, na jina la zahanati iliyo karibu na kwake, ili asipande magari matatu kwenda kufundishwa kutembea. Kitita cha bima kilipie kipindi cha mazoezi kama kinavyolipia dripu. Zahanati itenge asubuhi mbili, tuseme Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu, kabla jua halijawa kali na kabla foleni ya watoto haijajaa uwanja. Benchi moja liwekwe kivulini kwa atakayetaka kuzungumza kwanza. Na kile kikundi cha joging kinachopita Jumamosi kilete watu wanne wa kutembea pembeni, kwa mwendo wa yule wa nyuma kabisa. Fulana si lazima.